Dawa Katika Mtungi wa Maziwa

Mlio ule haukuwa mkubwa. Nilikuwa nimesoma kwamba chombo kinachobonyea kwa sababu ya ombwe hulia kama bunduki, na katika nchi yetu mtu hujifunza mapema kutofautisha milio ya aina hiyo. Lakini mtungi wa mama yangu ulitoa sauti ya koo, sauti ya mtu anayemeza tonge kubwa kuliko uwezo wake, kisha ukanyamaza. Nilipoufunua uso wake chini ya blanketi nililolitundika kuzuia mwanga, ubavu mmoja ulikuwa umeingia ndani kama tumbo la ng'ombe aliyekosa majani. Ndani yake kitu cha kioo kilikuwa kimepinduka. Nilikisikia kikiviringika taratibu, na huo mviringiko ndio ulionitia hofu zaidi ya mlio wenyewe.

Yanipasa nieleze kwanza kwa nini mtu mwenye akili timamu afungie kemikali za picha ndani ya mtungi wa maziwa.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili katika kemia. Utafiti wangu ulihusu karatasi za picha zinazotengenezwa kwa mkono: karatasi hupakwa chumvi ya fedha, yaani ile metali inayong'aa, kisha jani la mmea hulazwa juu yake juani, na umbo la jani hubaki pale ambapo mwanga haukufika. Nilikuwa nimekwenda Walikale kuchukua alama za majani ya msituni kwa njia hiyo. Walikale ilinishinda. Unyevu wa kule huingia hata ndani ya vitabu vilivyofungwa kwa plastiki. Karatasi zangu zilipata madoa ya kijivu kabla sijazifikisha juani, na majani yakatoka kama vivuli vya watu waliohama. Msimamizi wangu alipoziona aliandika maneno matatu tu pembeni: matokeo haya ukungu. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa, nikitafuta kama alimaanisha hali ya hewa au alinimaanisha mimi.

Kisha barabara ya kurudi maabara ikafungika, na nikajikuta nyumbani kwetu, katika vilima vya Mushaki, huku Masisi, nikiwa na chupa ya maji yale ya chumvi ya fedha ambayo yalikuwa yameanza kuchafuka. Tumaini langu lilikuwa kuyachuja, kuyakausha na kupata tena chembe safi. Kuyakausha juu ya makaa kulikuwa haramu, kwa sababu moshi huzigeuza chembe kuwa nyeusi. Kuyaanika juani kulikuwa haramu zaidi. Kuyaacha hewani, katika ukungu wa Masisi, kulikuwa sawa na kurudi Walikale. Ilibaki njia moja: kuyaweka gizani katika kisahani cha kioo, ndani ya chombo kilichofungwa barabara, pamoja na bakuli la chokaa mbichi ya kunywa unyevu, kisha kuivuta hewa yote itoke, maji yapae yenyewe bila moto.

Nilitengeneza kivuta hewa kwa pompi ya baiskeli. Niliifungua, nikakigeuza kile kipande cha ngozi kilichomo ndani ili ivute badala ya kusukuma, nikakata ulimi mdogo kutoka mpira wa ndani wa tairi uwe mlango usioruhusu hewa kurudi. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Nalisema hili bila kujisifu, kwa sababu uzuri wake ndio ulioleta madhara: pompi mbaya isingeweza kuubonyeza mtungi.

Kilichokosekana kilikuwa chombo. Sufuria zetu hazikuziba. Katika nyumba nzima kitu kimoja tu kilifunga bila kupitisha pumzi, nacho ni mtungi wa alumini ambao mama hupelekea maziwa. Tunauita bido. Mpira wa kifuniko chake mama huupaka siagi pembeni kwa kidole, asubuhi baada ya asubuhi, na maziwa yakitikiswa juu ya pikipiki hadi kwa mtengeneza jibini, tone halitoki. Kifuniko hicho kilikuwa hata na tundu la zamani, pale mkono wake ulipong'oka. Mama alikuwa ameliziba kwa kijiti. Nilipoliona tundu lile, nilihisi kama limetobolewa kwa ajili ya mrija wa pompi yangu.

Lakini kwetu chombo cha maziwa hakipokei kitu kingine. Hakipokei maji ya kunywa, hakipokei pombe, na zaidi ya yote hakikaribiwi na chumvi. Mama aliwahi kumkatalia shemeji yake mtungi siku ya harusi, tena mbele ya wageni. Kitu kimoja tu huruhusiwa: dawa ya ng'ombe, kwa sababu, asema mama, dawa ya ng'ombe na maziwa yake ni watoto wa nyumba moja.

Mimi nayajua majina ya vitu. Ndiyo kazi niliyosomea. Jina la kile nilichokuwa nacho lilikuwa chumvi, chumvi ya fedha, na nilijua kwamba nikilitamka neno hilo mbele ya mama sitaupata mtungi. Kwa hiyo nililiacha.

"Mama, ile bido, naweza kuikamata leo baada ya kukamua?"

"Ya kufanya nini?"

"Nataka kukaushia dawa."

"Dawa ya ngombe?"

"Hapana. Dawa ya picha."

Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kwaya, anaondoka kwenda kanisani kwa mazoezi. Alisimama mlangoni akacheka hadi akashika kizingiti.

"Picha nazo zinagonjwaka? Ee Mungu! Miaka yote hii nilifikiri banakusomesha kuponya bantu, kumbe uko dokta ya mapicha!" Kisha, akiwa tayari ameshuka hatua kadhaa: "Kamata. Lakini usiniletee harufu."

Sikusema uongo. Hili nimelipima mara nyingi. Watu wote wa Kivu huziita kemikali dawa: dawa ya panya, dawa ya nyumba, dawa ya kufulia. Hata wapiga picha wa zamani walisema picha iko kwenye dawa. Lakini neno lenye milango miwili humfaa yule anayejua mgeni wake ataingilia mlango upi. Na mimi nilijua, kwa sababu kule Walikale jambo hilo lilikuwa limenitokea tayari. Mwanamke mmoja aliniuliza kilichomo chupani, nikajibu dawa ya picha, naye akaufunua mguu wa mtoto wake uliojaa vidonda akauinua kuelekea kwangu. Sikumweleza. Niliisukuma chupa chini kabisa ya mfuko, nikajidai natafuta kalamu.

Basi mtungi ukabonyea, na kisahani kikapinduka.

Kwa mtu anayetenda kwa utaratibu, hatua ya kwanza ingekuwa kuusuuza mtungi kwa maji mengi. Mimi hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuuficha ubonyevu. Niliulaza mtungi ubavu, nikaingiza mkono wenye mpini wa jembe, nikaugonga kutoka ndani hadi ukavimba tena, si kama zamani lakini kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Muda wote huo maji ya kisahani yalikuwa yakitembea humo ndani kwa kufuata mwinamo, yakafika mdomoni, yakaingia nyuma ya mpira. Niliusuuza baadaye. Nikausuuza tena. Lakini mpira sikuung'oa. Ungetoka na siagi yake, na mama huipaka siagi ile kwa mtindo wake, na kidole changu kisingeweza kuuiga. Nilisimama pale nikiutazama ule mstari mwembamba wa siagi, nikaamua kwamba haukuguswa, kwa sababu nilitaka uwe haukuguswa.

Mama aliporudi aliugeuza mtungi mikononi.

"Iliingia nini tena humu?"

"Ile dawa tu, mama. Nimeosha."

"Na hii tumbo?"

"Ilianguka."

Alinitazama kidogo. Kisha akausugua tena mwenyewe kwa maji ya moto na majivu, akauchomoa mpira kwa ncha za vidole, akaupangusa, akaurudisha, akaupaka siagi mpya. Nilisimama karibu nikimshikia taa. Ningeweza kumwambia wakati huo. Badala yake nilijiambia kwamba, kwa kuwa sasa mpira umepanguswa, tatizo limekwisha, na nikashukuru. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kufanya kwa mikono mitupu kazi ambayo maabara yetu hairuhusu kufanywa bila glavu.

Alfajiri alikamua, mtungi ukajaa, mwenye pikipiki akaufunga kwa kamba akateremka nao.

Asubuhi ilikuwa na jua, jambo ambalo kwetu hushangiliwa. Mama alikaa mbele ya nyumba akichambua maharage, na jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti inayofika bondeni kabla yake, akaja kuketi. Nilikuwa nikipita na ndoo nilipomsikia.

"Na weye, bidole bimefanya nini? Ulichoma makaa?"

Mama aliinua mkono akautazama. "Ni utomvu ya ndizi."

"Ndizi! Ndizi gani inaandikaka weusi vile? Sema tu ukweli, ulienda kupiga kura peke yako, sisi wengine mukatufungia mulango."

Walicheka wote wawili. Mimi niliiweka ndoo chini. Ncha za vidole vya mama, kidole gumba na viwili vinavyokifuata, zilikuwa nyeusi, weusi wenye zambarau kidogo pembeni mwa kucha, na weusi huo ulikuwa unaongezeka kadiri jua lilivyopanda. Jirani alikuwa ametania, lakini alikuwa amegonga penyewe: wino ule wanaotutia kidoleni siku ya kura hutengenezwa kwa chumvi hiyo hiyo. Sabuni haiutoi. Ngozi yenyewe ndiyo huugeuza ikikutana na mwanga. Mama alikuwa ameandikwa, na mwandishi nilikuwa mimi.

Ikiwa vidole vyake vilikuta chumvi nyuma ya mpira, basi ilikuwapo kweli, na ilikuwapo hata baada ya mimi kusuuza. Na hakuna aliyejua ni kiasi gani kilibaki baada yake yeye kupangusa.

Hapa ndipo fikra zangu zilipofanya kile ambacho hufanya vizuri kuliko chote, yaani kuniweka mbali na tendo. Nilikaa jikoni nikahesabu. Maziwa yana chumvi zake za asili. Fedha ikikutana nazo huganda ikawa kitu kisichoyeyuka, kisicho na nguvu nyingi. Maziwa ni mengi, kilichobaki ni kidogo. Isitoshe, zamani tone dogo la maji hayo liliwekwa machoni mwa watoto wachanga kuwakinga na maradhi; kwa hiyo, nikajiambia, imewahi kuwa dawa kweli, na nilichomwambia mama hakikuwa mbali na ukweli. Niliridhika na sentensi hiyo kwa kitambo. Kisha nikaona aibu kwa jinsi ilivyojengwa vizuri.

Huenda hesabu ilikuwa sahihi. Hadi leo siwezi kuthibitisha kwamba haikuwa sahihi. Lakini kila nilipoifikisha mwisho ilisimama mahali pamoja, penye vikombe. Nilipokuwa mdogo nilipeleka maziwa kwa yule mtengeneza jibini, na naijua nyumba yake. Maziwa ya akina mama wote humiminwa katika pipa moja, hutiwa kigandisho, na jibini ikishashikana, yale maji ya kijani-njano yanayobaki hayamwagwi. Watoto wa familia zilizokimbia vita, walio katika mahema chini ya barabara, hungoja mlangoni na vikombe vyao vya plastiki, naye huwagawia yakiwa bado vuguvugu. Kwa wengine hicho ndicho kifungua kinywa. Kilichoyeyuka huwafuata watoto. Kilichoganda hubaki ndani ya jibini na kwenda sokoni. Kwa vyovyote kuna mtu mwisho wa mlinganyo wangu, na huyo mtu hakuulizwa kama anakubali makadirio.

Nje jirani aliniita.

"Dokta! Kuja kidogo. Mama yako anasema uko na dawa. Ngombe yangu titi imevimba, nikigusa anarusha mateke sawa mucheza mupira. Nipatie kadogo nimupake."

"Atakupatia," mama akasema, hata kabla sijafika. Alisema kwa fahari, huku anachambua maharage kwa vidole vile. "Mutoto yangu hanyimaka."

Nilikuwa nimesimama mbele yao wawili na nikaona wazi jinsi neno langu lilivyotembea. Lilikuwa limetoka kwangu likiwa na maana ya picha, likapita kwa mama likawa dawa ya kuponya, na sasa lilikuwa limefika kwenye titi la ng'ombe wa jirani, likaomba kupakwa. Kesho lingefika kwenye mguu wa mtoto. Hakuna aliyeongeza kitu juu yake isipokuwa imani.

"Mama," nikasema, "ile haikuwa dawa."

"Ni nini basi?"

"Ni chumvi."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Chumvi," akarudia. "Kwenye bido?"

"Chumvi yenye sumu. Ndiyo imeandika vidole vyako. Ilikuwa nyuma ya mpira, na sikukuambia."

Jirani, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, aliinuka akakusanya kitenge chake. "Mimi naenda kuangalia ngombe yangu," akasema kwa upole, akaenda. Nilimshukuru kwa kuondoka, na wakati huo huo nilijua kwamba bonde lote lingejua kabla ya saa sita.

Mama hakunifokea. Ningependa kuandika kwamba alinifokea. Aliutazama mkono wake, akausugua polepole kwa kitenge, ingawa nilimwambia haitoki, kisha akauficha chini ya ungo. Maisha yake yote mama ameuza kitu kimoja, na hicho si maziwa tu. Kila mtu huko chini anajua kwamba mtungi wake hauchunguliwi. Wengine hunusiwa yao, yake humiminwa moja kwa moja. Nilijua jambo hilo. Nilikuwa nimelikopa pamoja na mtungi, bila kulitaja.

"Watoto banakunywaka ile maji," akasema hatimaye.

"Najua, mama."

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Aliuweka ungo chini.

Aliingia ndani, akatoka na simu yake, ile ndogo iliyofungwa kwa raba ili betri isidondoke. Nilidhani atapiga mwenyewe. Nakiri kwamba nilitumaini atapiga mwenyewe: yeye anamfahamu yule mtengeneza jibini, angejua maneno ya kulainisha. Aliniwekea simu kiganjani.

"Maziwa ni yangu. Maneno ni yako. Piga weye."

Kwetu mtandao haupatikani uani. Sharti upande hadi kwenye ukingo, juu ya zizi, ambako upepo unakunyang'anya sauti. Nilipanda kwa kasi, naye akanifuata nyuma, pumzi yake ikisikika. Njiani nilikuwa nikitunga. Nilianza na sentensi ya kuomba radhi, nikaiweka nyuma. Nikaanza na maelezo ya kiwango cha hatari, nikayafuta. Nilitafuta kitenzi. Nyumbani kwetu hakuna anayesema maziwa yamwagwe. Yakichacha mama husema yamechoka, na hata hayo hupata kazi. Neno lile la kumwaga, likiwa na maziwa mbele yake, sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu wa nyumba yetu.

Simu iliita kwa muda mrefu. Nilipata nafasi ya kutumaini haitapokelewa.

"Mama!" Sauti ilikuwa ya furaha, jina la mama yangu lilikuwa limetokea kwenye kioo chake. "Niko nakuwazia sasa hivi. Maziwa yako ya leo, muzuri sana. Imeshikana mbio, iko sawa mayai."

"Papa, si mama. Ni mutoto wake. Ule wa universite."

"Ah, dokta! Habari ya masomo? Ngoja kwanza." Alikigeuza kichwa mbali na simu, nikamsikia akisema, "Mungoje, mungoje, haijapoa," na nyuma yake zile sauti nyembamba, na plastiki ikigongana na plastiki.

"Papa, usibapatie."

"Unasema?"

"Ile maji. Usibapatie watoto. Na jibini usiuze. Bido ya mama iliingia..." Neno la zamani lilikuja lenyewe hadi mdomoni, tayari, laini, likisubiri tu niliachilie. Nikalimeza. "Iliingia sumu, Papa. Mimi ndiye niliweka. Mama hakujua kitu."

Upepo ulipita. Nikafikiri mtandao umekatika, nikaona aibu kwa jinsi nilivyolifurahia wazo hilo.

"Watoto," hatimaye nikamsikia akiwaambia, kwa sauti nyingine kabisa, "murudi nyuma kidogo. Muweke bikombe chini." Kisha akanirudia. "Nimechanganya na ya bamama bote. Sasa unataka nifanye nini?"

"Umwage, Papa. Yote."

"Nimwage maziwa?"

"Ndiyo."

"Mama yako iko anasikia vile unasema?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, mikono imefichwa ndani ya kitenge, uso umeelekea bondeni.

"Anasikia," nikasema.